Nani bosi wa siafu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpangilio usio na kiongozi

Kila video ya siafu wakikatiza njia au nyumbu wakijitupa Mto Mara ikianza kuzunguka kwenye magrupu, swali linarudi lile lile, nani anawaongoza hawa? Mmoja atajibu malkia, mwingine atajibu Mungu, wa tatu atasema ndo maana sisi hatuendelei, hatuna umoja kama wa siafu. La Mungu lina wenyewe, siligusi. Hayo mengine mawili nimeshayajibu kipande kipande mpaka basi, sasa nimeyaweka pamoja.

Kwahiyo kweli hakuna anayetoa amri? Hata malkia?

Hata malkia. Yule kazi yake ni kutaga, basi. Siafu wa huku kwetu, wale ambao wataalamu wanawaita Dorylus, kundi lao moja linaweza kuwa na wadudu mamilioni, yale makubwa kabisa yanakadiriwa kufika milioni 20, na vibarua wote pamoja na wale askari wenye vichwa vikubwa ni vipofu, hawana macho kabisa. Malkia yuko chini ya ardhi, hana mabawa, tumbo limejaa mayai, anataga zaidi ya milioni moja kwa mwezi, sasa huyo hata angekuwa na la kusema lingemfikiaje siafu aliyeko makumi ya mita huko mbele anapambana na panzi? Hakuna mjumbe, hakuna kipaza sauti.

Kuna wanaokuja na hoja kwamba malkia anatoa harufu, na harufu ndo amri yenyewe. Nusu kweli. Kwa nyuki, harufu ya malkia inasambaa mzinga mzima, akifa wanagundua ndani ya masaa machache na wanaanza kulea mwingine. Lakini harufu ile inasema "nipo", haisemi "wewe nenda kwenye ule muembe, wewe baki ufagie". Nani afanye nini haitoki kwake.

Sasa kama hakuna bosi huo mpangilio unatoka wapi?

Unatokana na kila mdudu kufanya kitu kidogo kulingana na kilichopo mbele yake tu, na anachofanya kinaacha alama, na hiyo alama inabadilisha atakachofanya anayekuja nyuma. Ukishika hapo umemaliza nusu ya kazi.

Jaribio ambalo huwa nalitumia kuelezea lilifanywa na kina Jean-Louis Deneubourg wa Brussels, Ubelgiji, likachapishwa 1989. Walichukua sisimizi wa Argentina, kiota wakaweka upande mmoja, chakula upande wa pili, katikati daraja lenye njia mbili, moja fupi moja ndefu. Mwanzoni sisimizi wanajiendea tu, wengine huku wengine kule, hakuna anayejua ipi fupi. Ila kila anayepita anadondosha harufu kidogo, kemikali inayoitwa feromoni, na aliyebahatika kupita njia fupi anafika mapema na anarudi mapema, kwahiyo njia fupi inakuwa imeshapata harufu ya kwenda na ya kurudi wakati yule wa njia ndefu bado yuko safarini. Anayetoka kiotani muda huo ananusa, anakuta fupi imezidi, anaifuata na kuongeza ya kwake. Baada ya muda si mrefu karibu wote wako njia fupi. Hakuna sisimizi hata mmoja aliyepita zote mbili akapima akalinganisha, kipimo kimefanywa na msafara mzima.

Alafu kuna toleo lingine la jaribio hilo hilo, njia mbili zina urefu sawasawa kabisa. Unadhani waligawana nusu kwa nusu? Wapi! Bado karibu wote waliishia njia moja, jaribio hili ya kushoto, jaribio lile ya kulia. Yaani wachache tu walitangulia upande mmoja kwa bahati, harufu ikazidi kiduchu, hicho kiduchu kikavuta wengine, wengine wakavuta wengine tena. Mimi hili ndo linanishangaza kuliko la kwanza, kwa sababu hapa hakuna hata sababu ya kuchagua, ni bahati nasibu imegeuka utaratibu na utaratibu ukajishikilia.

Naweza kujaribu nyumbani?

Unaweza, na hauhitaji maabara. Subiri sisimizi wapange mstari ukutani kwenda kwenye sukari, chukua kitambaa chenye maji ya sabuni, futa kipande cha mstari kama upana wa kiganja. Wanaofika pale wanasimama, wanazunguka zunguka, wengine wanageuza, wanarundikana pande zote mbili mpaka mmoja anatangatanga anavuka, anafuata mwingine, mstari unaungana tena, na mara nyingi sio palepale ulipokuwa. Watoto wanapenda sana. Mama mwenye jiko hapendi, kwahiyo omba ruhusa.

Siafu hawaoni, sasa wanapishanaje bila kugongana?

Wanagongana sana, na mpangilio unatokea humo humo kwenye kugongana. Mwaka 2003 Iain Couzin na Nigel Franks walichapisha kazi yao juu ya ndugu wa siafu wanaoishi Panama, ambao nao wanaona kidogo sana. Wakipiga picha barabara ya wadudu hao wakakuta imejigawa njia tatu: wanaorudi na mawindo wanapita katikati, wanaotoka wanapita pembeni kulia na kushoto. Hakuna aliyechora mistari. Wote wanavutwa na harufu, ambayo katikati ndo kali zaidi, ila wawili wakikutana uso kwa uso yule anayetoka anakwepa kwa kona kubwa, yule anayerudi na mzigo anakwepa kidogo tu. Rudia hilo mara elfu na elfu, mwenye mzigo anabaki katikati na mtupu anasukumwa pembeni. Walipoweka hiyo tofauti ndogo kwenye modeli ya kompyuta njia tatu zikatokea zenyewe. Aliyewahi kusukuma mkokoteni Kariakoo analijua hili bila kompyuta.

Na kichuguu? Jengo lile haliwezekani likajengwa bila ramani.

Hapa ndo watu wengi wanagoma, na nawaelewa. Vichuguu vya mchwa wakubwa wa Afrika vinaweza kuzidi mita 5 kwenda juu, na kibarua aliyekijenga ana urefu wa milimita chache, kipofu. Ndani kuna chumba cha malkia na mfalme (ndio, mchwa wana mfalme na anabaki na mkewe maisha yote, tofauti na siafu na nyuki ambao dume akishapanda anakufa), kuna vyumba vya kulelea watoto, kuna mashamba ya kuvu. Hao mchwa mbao na majani makavu hawayamalizi wenyewe tumboni, wanayatafuna wanawapa kuvu, kuvu wanayalainisha, mchwa wanakula. Ule uyoga mkubwa unaochipua juu ya kichuguu mvua zikianza, ule unaogombaniwa na wanakijiji, ndo kuvu hao hao wametoa kichwa nje.

Sasa ujenzi. Mwaka 1959 Mfaransa mmoja, Pierre-Paul Grassé, alitoa maelezo ambayo mpaka leo ndo msingi: mchwa hawaelekezani wao kwa wao, jengo lenyewe ndo linawaelekeza. Mwanzoni kila mmoja anaweka kitonge cha udongo uliochanganywa na mate popote tu, vurugu tupu. Lakini penye vitonge viwili vitatu vimeangukia pamoja panavutia kuwekwa cha nne, pakiwa na vinne panavutia zaidi, kirundo kinakuwa nguzo, na nguzo mbili zikiwa jirani zinainamiana huko juu zinakutana, tayari upinde. Grassé akalipa jina, stigmeji, yaani kazi iliyokwisha fanyika ndo inachochea kazi inayofuata.

Kwa miaka mingi wengi waliamini mate yale yana harufu inayoita wenzao. Kazi iliyofanywa Namibia na kuchapishwa 2019 imetikisa hilo kidogo, imeonyesha kwamba umbo la udongo lenyewe, pale palipopinda, linawavuta kuanza kujenga hapo. Kwahiyo wataalamu bado wanabishana mchwa anasoma nini hasa, lakini hakuna anayebishana kwamba anasoma kilichopo mbele yake na sio ramani kichwani.

Na hewa? Mwaka 1961 Martin Lüscher alieleza kwamba joto la mchwa na kuvu linapanda juu, linapoa kwenye kuta, linashuka, hivyo hewa inazunguka. Maelezo matamu, yakaingia vitabuni. Baadae vipimo vilivyochapishwa 2015 kutoka India, na 2017 kutoka Namibia, vikaonyesha kinachosukuma hewa ni jua na usiku: kuta za nje zinapata moto haraka mchana kuliko katikati, hewa inapanda pembeni na kushuka katikati, usiku kuta zinapoa na mzunguko unageuka. Kituko ni kwamba Harare kuna jengo, Eastgate Centre, lilifunguliwa 1996, msanifu wake Mick Pearce aliiga kichuguu ili lipoe bila kiyoyozi cha kawaida, na aliiga kwa maelezo yale ya zamani ambayo leo yanaonekana hayakuwa sawa. Jengo linapoa vizuri tu.

Nyuki wanapiga kura, sasa si ndo serikali hiyo?

Kura bila msimamizi, bila tume, bila mtu wa kutangaza matokeo. Ukiona kundi la nyuki limening'inia kwenye tawi ujue limehama na halijapata pa kwenda. Maskauti mia kadhaa wanatoka kutafuta tundu, anayepata anarudi na kucheza juu ya migongo ya wenzake. Ile ngoma Karl von Frisch ndo aliisoma, akapata Nobel 1973: pembe ya ngoma inaonyesha uelekeo ukilinganisha na jua, urefu wa mtikisiko unaonyesha umbali. Lakini yeye alikuwa anaongelea chakula. Mwanafunzi wake Martin Lindauer, huko Munich mwaka 1949, mji umejaa magofu ya vita, aliona nyuki wanacheza juu ya kundi lililoning'inia na ni wachafu, wengine wana vumbi jekundu la matofali, wengine masizi. Akajiuliza, mbona hawana chavua? Hawa hawajatoka kwenye maua, hawa wametoka kwenye dohani na kuta zilizobomoka, wanatafuta nyumba!

Thomas Seeley wa Marekani ndo aliyemalizia hadithi. Skauti aliyepata tundu zuri anarudia ngoma mara nyingi, aliyepata la hovyo hovyo anacheza kidogo anaacha, na hata aliyepata zuri shauku yake inapungua kila akirudi, hang'ang'anii. Wengine wanaona ngoma, wanaenda kukagua wenyewe, wakiridhika wanacheza. Kuna hata wanaowagonga kichwa wanaocheza kwa ajili ya tundu lingine ili waache. Mwisho hawahesabu ngoma kabisa, wanachohisi ni wingi wao kule kwenye tundu lenyewe, wakifika kama 20 au 30 kwa wakati mmoja, wanarudi na kuwaamsha wengine wapashe misuli, kundi zima linaruka. Malkia naye anabebwa na mkumbo kama abiria.

Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaishi kwa uamuzi huo. Mzinga wa gogo au wa magome unatundikwa mtini ukiwa mtupu, mtu haleti nyuki, anasubiri maskauti waje wakague, wakikubali kundi linahamia. Ukienda kuangalia ukakuta mzinga mtupu ujue haukupata kura.

Kwelea kwelea nao wana sistimu hiyo?

Nao. Mkulima wa mtama Dodoma au wa mpunga Mbeya hana muda wa kusifia lile wingu la ndege linavyojikunja angani, lakini linavyojikunja ni hivyo hivyo. Mwaka 1987 Craig Reynolds alitengeneza ndege wa kwenye kompyuta wenye masharti matatu tu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea majirani, usiachwe nyuma. Wakaruka kama kundi la kweli. Baadae, 2008, waliopima makundi ya kwezi pale Roma wakagundua kila ndege anawafuatilia majirani sita au saba wa karibu, haijalishi wako mbali kiasi gani, na hiyo inatosha mwewe akitokea upande mmoja kundi zima lipinde.

Mbona mnasifia tu? Hakuna ubaya wake?

Upo, tena mkubwa, na kusema kweli hii sehemu ndo ilinifanya niandike yote haya, maana wanaopenda mada hii wanaileta kama dawa ya kila ugonjwa.

Rudi kwenye daraja la sisimizi. Walipowapa kwanza njia ndefu peke yake, wakaizoea kwa nusu saa hivi, ndo wakafungua njia fupi pembeni, sisimizi wale waling'ang'ania ndefu. Harufu imeshajaa huko, fupi ipo wazi hapo hapo na hakuna anayeipita. Hakuna bosi wa kuwalazimisha, sawa, lakini pia hakuna wa kusimama akasema jamani tunapoteza muda.

Kuna kibaya zaidi. Mwaka 1921 William Beebe alikuta huko Guyana, Amerika Kusini, siafu wa kule wakizunguka duara, kila mmoja anafuata harufu ya aliye mbele na wa mbele anafuata wa nyuma yake bila kujua. Duara lilikuwa na mzingo wa karibu mita 370, siafu mmoja alichukua masaa mawili na nusu kulimaliza. Walizunguka hadi wengi wakafa kwa uchovu. Kanuni ni ile ile, mfuate aliye mbele, haikuvunjwa hata kidogo. Kwenye msafara inaleta chakula, kwenye duara inaua.

Nyumbu wa Serengeti kwa miaka mingi wamekadiriwa kuwa kama milioni 1.3, hawana mkuu wa msafara, wanafika Mara wanasimama, wanarundikana, mmoja anaingia kwa kusukumwa au kwa kuamua, wote wanamfuata. Watafiti waliopiga hesabu ya miaka 2001 hadi 2015 walipata wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka inayobaki mtoni baada ya kuzama kwa wingi. Mamba na tai hawalalamiki, samaki nao wanafaidi. Nyumbu kama jamii wanaendelea vizuri tu. Nyumbu aliyezama ndo hajaendelea.

Na kama unadhani ni wanyama tu, Wajapani wa Nagoya walichapisha jaribio 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wameambiwa waendeshe mwendo mmoja, hamna taa, hamna ajali, hamna bodaboda. Baada ya muda foleni ikajitokeza yenyewe, kwa sababu mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma yake anapunguza zaidi, wa nyuma zaidi anasimama kabisa, na hiyo foleni ikawa inatembea kinyumenyume kuelekea nyuma ya magari. Kwahiyo siku umekaa masaa barabarani, ukafika mbele ukakuta hamna ajali wala trafiki, haujaonewa na mtu. Foleni nayo ni mpangilio uliojitokeza bila kiongozi.

Kwahiyo hatuhitaji serikali?

Ndo swali ninaloulizwa na watu wa aina mbili, anayetaka niseme ndio na anayetaka kunikamata nikisema ndio. Wote wanaruka kitu kimoja, kwamba bila bosi sio bila sheria. Siafu ana sheria nyingi, amezaliwa nazo, hawezi kuzikataa. Binadamu sheria zake anazitunga, anazivunja, anazijadili, na anaweza kukaa pembeni akaona duara limekuwa duara.

Chukua matatu za Nairobi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya usafiri wa abiria, na kutoka hapo mtandao mzima wa usafiri wa jiji ukakua bila mtu kukaa ofisini akachora, dereva anaenda kwenye watu, watu wanajenga karibu na inapopita, stendi inazaliwa pale wanaposhukia wengi. Ulipokuja mradi wa Digital Matatus wa watafiti wa Nairobi na Marekani, ramani yao ikatoka 2014, waliichora kwa kupanda matatu na simu mkononi, yaani ramani ilikuja miongo minne baada ya mtandao, na ikatoka inasomeka, njia zaidi ya mia moja. Uzuri huo nausifia bila aibu. Ila namba nyingi za njia zilirithiwa kutoka kwenye mabasi ya zamani ya kampuni, kwahiyo sio kweli kwamba walianzia sifuri. Na ule ushindani ule ule uliochora njia ndo uliofanya dereva akimbize gari awahi abiria wa mbele, apakie kupita kiasi, watu wakafa. Usalama haukujitokeza wenyewe. Mwaka 2004 waziri John Michuki alileta vidhibiti mwendo na mikanda kwa amri, na matatu ziligoma kwanza ndo zikatii.

Mfano wa upande wa pili ni mifongo ya Wachagga. Maji ya Kilimanjaro yamekatwa kwenye mito yakapelekwa mashambani kwa mifereji ya kuchimba tangu kabla ya wakoloni, na kila mfongo una wenyewe wanaojuana, zamu ya maji inajulikana, siku ya kusafisha mfereji inajulikana, asiyetokea anajulikana. Hakuna wizara iliyoanzisha. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, alikusanya mifano ya namna hii dunia nzima, malisho ya Uswisi, mifereji ya Hispania na Ufilipino, akaonyesha inayodumu ina mambo yanayofanana: mipaka ya nani yumo inaeleweka, wanaotumia ndo wanaotunga masharti, kuna wa kuangalia, adhabu inaanza ndogo inapanda, na kuna pa kupeleka ugomvi. Angalia hiyo orodha vizuri. Hiyo ni kazi, ni vikao, ni kusutana, ni jirani kukununia mwezi mzima. Anayekwambia acha tu mambo yatajipanga yenyewe hajawahi kukaa kikao cha maji.

Maoni yangu, kwa wanaong'ang'ania niseme upande: mtu akikuletea mpangilio usio na kiongozi muulize kwanza kila mmoja ndani yake anafuata kanuni gani, alafu muulize nani anazama.

Hii haipingani na fizikia? Si walisema vitu vinaelekea kwenye fujo tu?

Fizikia inaongelea kitu kilichofungiwa, hakiingizi wala kutoa nishati. Kichuguu kinakula majani kutwa na kutoa joto, kundi la nyuki linachoma asali, mpangilio ndani unalipiwa kwa fujo inayomwagwa nje. Ilya Prigogine alipata Nobel ya kemia 1977 kwa kazi ya aina hii. Wakate chakula uone kama mpangilio utafika mwisho wa mwezi.

Kuna faida gani zaidi ya kushangaa?

Marco Dorigo, kwenye tasnifu yake ya udaktari huko Milano 1992, alichukua harufu ya sisimizi akaigeuza hesabu, sisimizi wa kompyuta wanatafuta njia fupi ya kupita miji mingi, na njia hiyo leo inatumika kupangia safari za mizigo na mitandao ya mawasiliano. Alichoongeza muhimu ni harufu kuyeyuka haraka, kwa sababu kama tulivyoona kwenye daraja, kundi lisilosahau linakwama. Na huku kwetu wakulima wa minazi Zanzibar wanafaidi maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani: maji moto wakiwa mtini, kunguni wa minazi, wale wadudu wanaofyonza nazi changa, hawana raha. Ushonaji wenyewe nao hauna fundi mkuu, kila mmoja anavuta ukingo wa jani, penye jani limeanza kukubali wengine wanakimbilia kuvuta hapo hapo.

Siafu wameingia ndani saa hizi, nawaondoaje?

Hili linaulizwa usiku kuliko yote hayo juu. Kwanza toa mtoto mchanga, mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, alafu fungua kuku, sungura, mbuzi aliyefungwa kamba, maana siafu wanamuua asiyeweza kukimbia. Usihangaike kuwaua wa mbele ukidhani umewaua viongozi, wale wa mbele wanabadilishana, mmoja anakimbia hatua chache anarudi nyuma, mwingine anashika nafasi, ukiua mia wanakuja mia. Usiwamwagie maji katikati ya mstari, watatawanyika chumba kizima na utawapata hadi kwenye shuka. Majivu mlangoni yanasaidia kuwageuza kama bado wako nje, wakishaingia umechelewa. Chukua kanga, toka, kalale kwa jirani. Wataingia kila ufa, watakula mende, viroboto na watoto wa panya, chakula kikiisha wanaondoka wenyewe, mara nyingi ndani ya masaa machache. Ukirudi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, wapo wanaochelewa kuondoka.